Ufagio wa gerezani haurithiwi

Tarehe 3 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu ambayo hata sisi wa huku yafaa tuisome. Kesi ilifunguliwa na mwandishi wa habari, Sukanya Shantha, aliyegundua kuwa katika magereza ya majimbo kadhaa kazi ziligawanywa kwa tabaka alilozaliwa mfungwa: wa juu jikoni, wa chini kufagia na kusafisha vyoo. La kushangaza, mambo haya yaliandikwa kabisa katika vitabu vya kanuni vya serikali, ilhali ibara ya 17 ya katiba yao, iliyoanza kutumika 1950, inakataza kumhesabu mtu najisi kwa kuzaliwa.

Majaji watatu walizibatilisha kanuni hizo, wakasema mfungwa naye ana haki ya kuishi kwa heshima, wakayapa majimbo miezi 3 kuzirekebisha. Kwetu sisi amri nzito kuliko zote ni ile fupi: safu ya tabaka ifutwe katika daftari za wafungwa na mahabusu.

Rwanda tunaijua safu ya namna hiyo. Kitambulisho tulichoachiwa na Mbelgiji kilikuwa na mahali pa kabila, na mwaka 1994 watu waliuawa vizuizini kwa neno lile moja.

Hata hivyo, jaji hagawi ufagio. Anayegawa ni nyapara. Ndiyo maana mahakama iliagiza pia magereza yakaguliwe mara kwa mara. Wakaguzi na waende bila kutoa taarifa, waanzie jikoni. Waulize anayepika ni nani, na nani alimpanga. Kisha wapite vyooni, waulize vivyo hivyo.