Ndoto Si Ushahidi

Riwaya ya mahaba na taharuki ya Kikristo ina mabwana watatu: mapenzi, hofu na imani. Mapenzi hutaka wawili wapatane. Hofu hutaka pawe na jambo la kuwatenganisha. Imani hutaka ijulikane kuwa walipookoka hawakuokoka kwa nguvu zao peke yao. Kumtumikia bwana mmoja ni kazi. Kuwatumikia watatu pasipo kumdhulumu hata mmoja ni kazi ya mtu hodari. Aghalabu waandishi wa riwaya hizi katika Kiswahili hushindwa kazi hiyo, nao hushindwa mahali pamoja: penye ushahidi. Humfanya Mwenyezi Mungu shahidi wa mashtaka, kisha huuita uvivu wao ucha Mungu. Hilo ni kosa la sanaa. Ni kosa la dini vilevile. Na katika nchi kama Singida laweza kuwa kosa la damu.

Kabla ya kulitazama kosa lenyewe, yafaa kuwaondoa njiani watu wawili wanaoipinga riwaya hii kwa sababu zisizofaa. Wa kwanza ni mtu wa kanisa asemaye kuwa mapenzi na mauaji si mambo ya kalamu ya mwamini. Mtu huyu ameisahau Biblia yake. Hadithi ya Yusufu na mke wa Potifa ina tamaa, vazi lililoachwa mkononi, shtaka la uongo na kifungo. Hadithi ya Daudi na Bathsheba ina mahaba haramu, mimba ya kufichwa, na barua ya kifo iliyochukuliwa na mkono wa yule yule aliyekusudiwa kufa. Ni vigumu kumpata mwandishi wa taharuki aliyebuni barua ya kutisha kuliko ile aliyoichukua Uria kumpelekea Yoabu. Wala umbo la sanaa halina najisi. Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo, nchi inayoingia mpaka Manyoni, aliutwaa utenzi uliolelewa na Waislamu wa pwani akautungia Enjili Takatifu na Zaburi. Umbo halikumpotosha, wala yeye hakulivunja.

Wa pili ni mhakiki wa chuoni. Huyu huzigawa riwaya kuwa dhati na pendwa, kisha huziacha zile pendwa nje ya mlango kama viatu. Kitabu kisomwacho ndani ya basi kutoka Manyoni hadi Singida mjini, kikaazimwa bwenini mpaka jalada likang'oka, kina nguvu juu ya nia za watu. Na penye nguvu pana haja ya hukumu. Kukidharau si kukihukumu. Mhakiki akinyamaza, mwandishi hana wa kumwambia alipokosea, na msomaji hana wa kumlinda.

Sasa kosa lenyewe. Kisa cha riwaya hizi chaweza kuandikwa kwa mistari michache. Binti wa kwaya anachumbiwa na kijana mwema, tuseme mwalimu wa Iramba. Posa imepokewa, ng'ombe wamehesabiwa. Ghafla ndugu wa kijana anakutwa amekufa chini ya mteremko wa Sekenke, na kijana mwenyewe anaanza kudhoofika kwa ugonjwa usio na jina. Hofu inaingia nyumbani. Msomaji anashika kitabu kwa mikono miwili. Ndipo mama mwombaji anapofunga siku tatu akaona njozi: mbaya wao ni ajuza wa jirani, mjane mwenye macho mekundu aishiye peke yake katika kibanda cha moshi. Ajuza anakemewa, anaanguka, anaungama, anatoa hirizi. Kijana anapona, kengele zinalia, harusi inafungwa. Na binti alijuaje kuwa kijana huyo ndiye mume wake? Alioteshwa.

Lionekane jambo hili: katika kisa hicho ndoto imefanya kazi mbili. Imemtia hatiani ajuza, na imemchagulia binti mume. Katika kazi ya kwanza imeua taharuki, kwa maana taharuki ni swali lililoachwa wazi mpaka matendo ya watu yalifunge. Mwandishi aliyetoa vidokezo katika sura kumi, kisha katika ya kumi na moja akashusha jibu kutoka mbinguni, amekopa asichokusudia kulipa. Katika kazi ya pili imeua mapenzi. Mtu hupendwa kwa kujulikana, na hujulikana kwa kupimwa: alifanya nini alipoogopa, alisema nini alipoweza kunyamaza, alimtendeaje asiyekuwa na faida kwake. Binti aliyeoteshwa hana haja ya kumjua kijana. Ampokea kama mzigo ulioandikwa jina lake. Hayo si mapenzi wala si imani. Ni utii kwa mtunzi.

Mtetezi wa riwaya hizi atasema: Je, Mungu hafunui yaliyofichika? Mkristo akiandika kwamba sala imejibiwa, amekosa nini? Swali hili ni zuri, na jibu lake limo katika kitabu kile kile anachokitetea. Katika Danieli kama Wakatoliki waisomavyo, na katika vitabu ambavyo Walutheri huviweka kando lakini huvisoma kwa faida, imo hadithi ya Susana. Wazee wawili, nao ni waamuzi, wanamtamani mke wa mtu. Anapowakataa wanamshtaki kwa uzinzi, na mkutano unamhukumu kufa. Susana anamlilia Mungu, na Mungu anamsikia. Lakini amsikiaje? Hashushi moto. Haoneshi mkutano njozi. Anaiamsha roho ya kijana Danieli, naye Danieli anawatenga wazee wale wawili na kumwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Huyu ataja mti huu, yule ataja mwingine. Uongo umejifunga kwa ulimi wake wenyewe. Sala imejibiwa kwa njia ya swali zuri, na mwanamke asiye na hatia ameokoka kwa akili ya mtu aliyekataa kuamini shtaka pasipo kulipima.

Hiyo ndiyo riwaya kamili ya taharuki ya Kikristo. Neema imo ndani yake tangu mwanzo hata mwisho, lakini neema haikuchukua mahali pa ushahidi.

Waandishi waliokijua kifungu hiki cha mambo wamekuwapo. G. K. Chesterton wa Uingereza alitoa mwaka 1911 mkusanyo wa kwanza wa hadithi za Padre Brown, padre mpelelezi. Katika hadithi ya kwanza anamtambua mwizi aliyejivika upadre kwa kumsikia akiidharau akili, jambo ambalo padre aliyefundishwa vema hafanyi. Na katika Kiswahili, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapwa mwaka 1960, alimpeleka Bwana Msa penye kifo ambacho wengine walikuwa tayari kukinasibisha na mzimu. Bwana Msa akatafuta mkono wa binadamu. Abdulla hakuwa Mkristo, wala hakudai kuandika riwaya ya dini. Lakini juu ya ushahidi aliitii amri ya nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, kuliko Wakristo wengi walioshika kalamu baada yake. Basi udhuru kwamba umbo hili ni geni, kwamba limetoka Marekani pamoja na vitabu vya Janette Oke na Frank Peretti, hauna msingi. Kielelezo chema kilikuwa hapa nyumbani.

Kwa nini basi Singida itajwe kuliko mahali pengine? Kwa sababu Singida imekwisha kuona kwa macho yake jinsi fumbo la mauaji linavyoweza kuwatesa watu. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi waliuawa katika wilaya ya Singida kwa namna iliyofanana na kazi ya simba: miili iliraruliwa, na usiku ukawa kitisho. Palisemwa ni simba. Palisemwa ni watu waliovikwa ngozi za simba. Palisemwa ni simba wa kutumwa na wachawi. Wakati huo huo mahakama za serikali ya kikoloni zilitakiwa kuamua nani afe kwa ajili yake. Wataalamu wa mila, miongoni mwao Marguerite Jellicoe na Harold Schneider, waliandika baadaye juu ya simba-watu hao. Jambo moja li wazi: katika hofu ile, kila aliyekuwa na adui alikuwa na jibu tayari. Methali isemayo lisemwalo lipo ikawa sheria ya wakati. Nchi iliyopita katika bonde hilo haistahili kuandikiwa riwaya ambamo neno la mtu mmoja aliyelala usingizi latosha kumhukumu jirani.

Wala jambo hili halikuisha pamoja na simba-watu. Kwa miaka mingi wazee, na hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa ya magharibi na kaskazini, Shinyanga, Mwanza na Tabora. Na Singida, inayopakana na Shinyanga na Tabora, haikusalimika. Macho mekundu yamewaponza wanawake ambao dhambi yao ilikuwa kupika kwa kuni maisha yao yote. Sasa na apimwe yule ajuza wa riwaya: macho mekundu, kibanda cha moshi, ujane, upweke. Mwandishi hakubuni kitu. Ameichukua hati ya mashtaka ya wauaji, akaitia muhuri wa sala, akaipeleka kiwandani ikapigwe chapa. Atasema kuwa ni hadithi tu. Lakini hakuandika ili iwe hadithi tu. Aliandika, kwa kauli yake mwenyewe, ili asomaye apate mafunzo. Basi mafunzo yake ndiyo hayo.

Laiti angetazama karibu, angeona mambo ya taharuki yasiyohitaji mchawi. Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Wachunguzi wameandika kwamba baada yake, katika Singida, ukeketaji ulihamia kwa watoto wachanga, ukafanywa kwa siri ndani ya nyumba, pasipo ngoma na pasipo mashahidi. Hapo pana riwaya. Binti akua akiimba kwaya, hajui alichotendwa. Mama ajua, bibi ajua, na labda mzee wa kanisa ajua. Posa inaletwa. Nani atasema, kwa nani, na kwa gharama gani? Mchumba akijua atafanya nini, na binti ataweza kumpenda mama aliyenyamaza? Mapenzi yamo humo, hofu imo humo, na imani imo humo, kwa sababu swali la mwisho ni swali la toba na msamaha; na msamaha hauna maana mpaka kwanza ijulikane nani alitenda nini.

Waandishi huogopa njia hii wakidhani kuwa kanisa litawakasirikia. Huenda likawakasirikia. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari, alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971 na kuonyesha jinsi ukali wa baba Mkristo ulivyochangia maangamizi ya binti yake, kitabu kilipigwa marufuku shuleni. Baadaye shule zilikifundisha. Riwaya iliyokemewa kwa kusema kweli huishi kuliko iliyosifiwa kwa kubembeleza.

Sheria ya kazi hii, basi, si ndefu. Sala iwemo, kwa kuwa watu wa Singida husali. Ndoto nayo iwemo, kwa kuwa watu huota. Lakini ndoto imtume mwotaji akaulize, isimtume akahukumu. Kila shtaka lipate Danieli wake. Mbaya awe mtu ambaye msomaji aliketi naye mezani, wala si yule ambaye kijiji kizima kilikuwa kinatafuta sababu ya kumwondoa. Na mwandishi atakayemtia ajuza hatiani kwa ndoto akumbuke kwamba anayekifunga kitabu chake usiku, huko Ikungi au Mkalama, anaye ajuza jirani.