Mwanafunzi anatumwa kuchunguza mtaa wake. Je, ataruhusiwa kusema alichokiona?

KUINGIA kwa kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 katika Sekondari Pevu mnamo Januari 2026 kulizua mijadala mingi kuhusu karo, nafasi za shule na uhaba wa walimu. Katikati ya mijadala hiyo, somo moja la lazima lilipita bila kuzungumziwa ipasavyo, nalo ni Mafunzo ya Huduma kwa Jamii.

Somo hilo linamtaka mwanafunzi atambue tatizo linaloikabili jamii yake, akusanye habari kulihusu, ajaribu suluhisho, kisha aandike ripoti. Kwa lugha nyepesi, vijana wapatao milioni moja wanatumwa mitaani na vijijini wakaulize maswali.

Hapa ndipo penye kitendawili. Kinachofundishwa ni kazi ya mwanahabari, hata kama mtaala haukuiita kwa jina hilo. Mwanafunzi anayeandika kwamba miti huleta mvua hamkeri mtu yeyote. Lakini yule anayeandika kwamba majitaka yanayopita nyuma ya shule yanatoka katika kichinjio kilicho juu ya kilima, na kwamba yamekuwa yakitiririka hivyo tangu muhula uliopita, huyo amegusa mali na mamlaka ya watu. Swali ni iwapo shule, wazazi na serikali wako tayari kumlinda.

Nchi hii haianzi safari hiyo mikono mitupu. Mnamo 1987, chama cha michezo cha vijana wa Mathare (MYSA) kilianzishwa kwa masharti ambayo wakati huo yalionekana ya ajabu: anayetaka kucheza kandanda sharti asaidie kuzoa taka, na timu inayofagia mtaa hupata alama za ligi. Miaka kumi baadaye, mnamo 1997, zaidi ya vijana 30 wa chama hicho walikabidhiwa kamera za bei nafuu katika mradi wa Shootback, wakaonyesha maisha ya mtaa wao kwa macho yao wenyewe. Picha hizo zilikusanywa katika kitabu kilichotoka 1999.

Kwa miaka mingi Mathare ilikuwa imepigwa picha na wageni waliotafuta huzuni. Vijana wale walipiga picha za taka na mitaro, ndiyo, lakini pia za ndugu wakicheza, mama wakipika na watu wakienda kazini. Walijua mambo ambayo mgeni wa siku moja hangeyajua.

Mnamo 2006, vijana wa Korogocho nao walianzisha redio ya kijamii, Koch FM, wakitangaza kutoka ndani ya kontena. Mnamo 2009, vijana wa Kibera walichora ramani ya mtaa wao uliokuwa ukionekana kama doa tupu katika ramani nyingi, wakaweka vyoo, maji, zahanati na shule mahali pake. Katika visa vyote hivyo, aliyekuwa akizungumziwa alianza kuzungumza.

Kimataifa, mpango wa Wanahabari Chipukizi wa Mazingira umekuwapo tangu 1994 chini ya Wakfu wa Elimu ya Mazingira (FEE), na unaendeshwa katika nchi zaidi ya 40. Utaratibu wake una hatua nne: chunguza tatizo la karibu nawe, tafuta suluhisho, andika au piga picha, kisha wafikishie watu. Hatua ya mwisho ndiyo ambayo shule nyingi za Kenya huiacha. Ripoti huandikwa, ikapewa alama, ikafungiwa kabatini.

Yaliyotokea Dandora yanaonyesha hasara ya kabati hilo. Jalala la Dandora, linalopokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mnamo 2001, lakini taka ziliendelea kumwagwa hapo miaka mingi baadaye. Mnamo 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilichapisha uchunguzi uliowapima watoto 328 wanaoishi karibu na jalala hilo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachozidi kile kilichokubalika kimataifa wakati huo.

Ni kweli kwamba mwanafunzi hawezi kupima damu. Kazi hiyo ni ya maabara. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuandika tarehe ambazo moshi ulitanda darasani, idadi ya wenzake waliokosa shule kwa kikohozi, na namba ya lori lililomwaga taka usiku. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa muhula mzima, humwonyesha mtaalamu mahali pa kuanzia.

Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa wanaujua uzito wa ushahidi. Waliathiriwa na sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mnamo 2020, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mnamo 2023, na hatimaye Mahakama ya Juu ikawapa ushindi mnamo Desemba 2024. Katika safari ndefu kama hiyo, hasira peke yake haitoshi. Kinachosimama mbele ya jaji ni nani aliona nini, lini na wapi.

Kwa hivyo mwalimu wa somo hili ana jukumu la kuwatoa wanafunzi katika mazoea ya insha. Insha humzoesha mwanafunzi kusema kwamba uchafuzi ni janga na kwamba serikali iingilie kati. Ripoti humtaka aseme mto unaitwaje, takataka za aina gani zilihesabiwa katika hatua 100 za ukingo wake, wakazi wangapi waliulizwa, na anayelaumiwa alijibu nini. Kumpa anayelaumiwa nafasi ya kujibu humlinda mwanafunzi dhidi ya kesi, na humlinda asiye na hatia dhidi ya uvumi.

Aidha, si lazima mwanafunzi avuke lango ili apate habari. Baadhi ya wanafunzi wa shule za upili hulala shuleni, mbali na mitaa waliyozaliwa. Jamii yao kwa muda mwingi wa mwaka ni bweni, jikoni na choo.

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mnamo 2008 unaeleza wazi kwamba nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, milango ya mabweni ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia watu kutoka. Hayo yote yanaweza kupimwa na mtoto wa miaka 15 mwenye futikamba na kalamu.

Umuhimu wake hauhitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Mnamo Machi 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mnamo Septemba 2024, wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri. Baada ya mkasa huo wa Endarasha, serikali iliagiza kufungwa kwa mabweni katika shule 348 za msingi na sekondari msingi ambazo hazikutimiza masharti. Mabweni hayo hayakuharibika kwa usiku mmoja. Watoto walikuwa wakilala humo, na hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kunazo pia shule zilizoteketezwa na wanafunzi wenyewe, hasa mnamo 2016 ambapo zaidi ya shule 100 zilikumbwa na moto. Uhalifu huo hauna utetezi. Lakini wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na shule ambayo malalamiko hayana njia ya kufika ofisini hujiwekea hatari. Ripoti iliyobandikwa ubaoni na kujibiwa na mwalimu mkuu ni nafuu kuliko tume ya uchunguzi.

Kisheria, mlango uko wazi. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi katika muda usiozidi siku 21. Katiba haikusema raia huyo awe na umri gani. Darasa la Gredi ya 10 linaweza kuiandikia kaunti barua likiuliza ni lini taka za soko zilizolewa mara ya mwisho, na kaunti ikawajibika kujibu.

Tatizo ni woga, na woga huo una historia. Mnamo 2013, tamthilia ya Shule ya Wasichana ya Butere iliyogusia ugavi wa mali ya nchi ilizuiwa kufika fainali za kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Mnamo Aprili 2025, shule hiyo hiyo ilifika Nakuru na tamthilia ya Echoes of War. Mwandishi wake, aliyekuwa Seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikamatwa, polisi wakarusha vitoamachozi, na wasichana hao wakaondoka baada ya kuimba wimbo wa taifa pekee.

Mwalimu mkuu aliyeyaona hayo hahitaji waraka kutoka wizarani ili kuelewa mipaka. Atawaelekeza wanafunzi wake wapande miche na kuokota karatasi uwanjani, ripoti iandikwe, na mambo yaishe salama. Somo litakuwa limefundishwa, na hakuna kitakachokuwa kimejulikana.

Hata hivyo, si kila tahadhari ni woga. Mtoto hafai kutumwa peke yake kuwafuata wauzaji wa pombe haramu au wachimbaji mchanga wenye mapanga. Habari za dhuluma za kimapenzi si za kuchunguzwa na mwanafunzi. Ni za kupelekwa mara moja kwa watu wazima wenye wajibu wa kuzishughulikia. Na picha ya mtoto mwenzake akila jalalani haifai kutolewa bila ridhaa ya mzazi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Umaskini wa mtu usigeuzwe alama za mtihani.

Wizara ya Elimu na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) zina nafasi ya kuondoa utata huu mapema. Kwanza, itangazwe wazi kwamba hakuna mwanafunzi au mwalimu atakayeadhibiwa kwa ripoti yenye ukweli. Pili, walimu wapewe mafunzo ya misingi ya uanahabari, yakiwemo maadili na usalama. Tatu, kila ripoti isomwe hadharani mbele ya wazazi na afisa wa wadi angalau mara moja kwa mwaka, na majibu yake yaandikwe. Vyombo vya habari navyo vitenge nafasi kwa ripoti zilizo bora, tena kwa Kiswahili, ili mzazi aliye sokoni azielewe.

Gharama ya hatua hizo ni ndogo. Gharama ya kutozichukua ni kuzoesha kizazi kizima kwamba kuona ni jambo la darasani, na kunyamaza ndiko kufaulu. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 litamaliza shule mwishoni mwa 2028. Kufikia hapo, ripoti zake zitakuwa zimejaa makabati au zitakuwa zimeziba mitaro, na tofauti hiyo haimo mikononi mwa wanafunzi.