Sinema za Ngoma Ziwafikie Wenye Ngoma

Mwaka 1966 ulifunguliwa mjini Dar es Salaam, upande wa Msasani, uwanja wa sinema ambamo watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari yao. Uwanja huo haupo tena, na mahali pake pamejengwa Ubalozi wa Marekani. Ilikuwa starehe iliyomfaa zaidi mwenye gari. Lakini sinema ya uwanja wa wazi ni jambo jema, na sisi wa Mwanza na visiwa vyake yatupasa tulichukue, magari tukayaacha.

Kinachostahili kuonyeshwa ni ngoma zetu, zilizopigwa picha na wasanii wetu wenyewe. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wasomi wengi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Asiyejionyesha mwenyewe, huonyeshwa na wengine. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu aliyoipiga hapa Mwanza juu ya biashara ya sangara. Ilizunguka dunia, nasi tukabaki kuilalamikia.

Wasukuma wana desturi yenye hekima kubwa. Katika mashindano ya Wagika na Wagalu, kama yale ya Bulabo huko Bujora, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Hakimu wa ngoma, basi, ni umma. Sinema ya bugobogobo inayopelekwa kwenye matamasha ya mbali, bila kuonekana na wakulima ambao majembe yao ndiyo asili ya ngoma hiyo, bado haijafika mbele ya hakimu wake.

Vifaa si vya kutisha. Kitambaa cheupe, mashine ya kuonyeshea picha, jenereta na vipaza sauti vyaweza kupakiwa kwenye kivuko hadi Nansio, kisha Ukara. Wala si jambo geni, kwani zamani magari ya sinema ya Serikali yalizunguka vijijini usiku. Lililo muhimu ni sinema kumfuata mwananchi kisiwani kwake. Asilazimishwe kuvuka ziwa gizani kwa mtumbwi ili ajione akicheza.

Tunatoa wito kwa halmashauri za wilaya na maofisa utamaduni watenge fungu kwa kazi hii, na viongozi wa Chama wasimamie. Aidha, kila mchezaji atajwe jina lake katika picha na alipwe ujira wake. Ngoma ni amana ya wazee wetu. Anayeikopa kwa kamera hana budi kuirudisha kwa wenyewe, hadharani, na malipo yao yakiwa yamekwisha tolewa.