Kabla ya Mawe ya Mipaka Kusimikwa

Kata ya Mafiga imejaa. Anayetaka kujenga pale hubomoa nyumba ya zamani ya tofali za udongo, au huongeza vyumba vya wapangaji uani. Viwanja vipya viko Kihonda, Lukobe, Mkundi na Tungi, na huko ndiko Morogoro inakokimbilia. Sensa ya 2012 iliikuta manispaa hii na watu 315,866. Ile ya 2022 ikakuta wamepita 470,000. Watu hao wanahitaji pa kulala. Kwa hiyo anayetaka ardhi ichunguzwe na wanaakiolojia kabla ya nyumba kujengwa, kwanza amjibu mwenye kiwanja: nani atalipa, na nisubiri hadi lini?

Mimi nataka ichunguzwe, ila gharama isimwangukie mwenye kiwanja.

Tuanze na kilichomo ardhini. Dakawa wengi tunaijua kwa mpunga, na wazee wanaikumbuka kwa kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Huko huko Randi Haaland na Cornelia Sarah Msuya walichimba makazi ya zama za awali za chuma, na mwaka 2000 wakachapisha walichokiona: watu waliofinyanga vyungu na kuyeyusha chuma katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kutoka Mafiga hadi Dakawa hazifiki kilomita 50. Mto Ngerengere nao una maji na udongo, na miti ya kuchoma mkaa haikukosekana. Itakuwa ajabu kama wafua chuma hao hawakuwahi kupiga kambi upande huu.

Ugumu ni kwamba makazi yao hayaonekani. Kilwa ina kuta za mawe ya matumbawe, kila mgeni anaziona. Nyumba ya miti na udongo ikianguka, nguzo huoza na kubakiza doa la duara lenye rangi nzito kuliko udongo unaolizunguka. Mchimbaji hulitafuta kwa kukwangua taratibu na mwiko, tabaka kwa tabaka, na madoa yakipangika vizuri anajua amesimama ndani ya nyumba ya mtu. Pembeni hukuta mabonge mazito yenye vitundu, yaani mavi ya chuma, na vipande vya mrija wa udongo uliopitisha upepo wa mivukuto, mdomo wake umeyeyuka kwa moto. Mkaa hupelekwa maabara kupimwa umri kwa kaboni 14. Mara nyingi haya yote hulala futi chache tu chini, kina kile kile cha msingi wa nyumba ya vyumba vitatu. Sururu ikishapita, doa halirudi. Kigae utakiokota kwenye kifusi, lakini usipojua kililala pamoja na nini, hakikwambii kitu.

Hata mji wenye ukuta haukusalimika. Henry Morton Stanley alipita hapa chini ya Uluguru mwaka 1871, akaukuta Simbamwene, mji wa Kisabengo, umezungushiwa ukuta wenye minara. Aliporudi mwaka uliofuata, mafuriko yalikuwa yamebomoa sehemu ya ukuta huo. Leo muulize bodaboda akupeleke ulipokuwa. Kama mji wa ukuta na minara umepotea machoni ndani ya karne moja na nusu, kijiji cha wafua chuma wa miaka zaidi ya elfu moja kina mtetezi gani?

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inadai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Lakini mwalimu anayejenga kwa awamu, msingi mwaka huu na kuta mwakani, hapiti kwenye tathmini yoyote, na ndiye hasa anayeijenga miji yetu. Tena ana sababu nzuri ya kunyamaza. Akitangaza kuwa amekuta vitu vya kale, anahofia kiwanja kuchukuliwa, na usiku huohuo vijana watakuja na majembe kutafuta rupia za Mjerumani.

Kuhusu nani alipe, Uingereza iliamua mwaka 1990 kwamba mjenzi ashughulikie mabaki yaliyo chini ya mradi wake, baada ya zogo la 1989 London kuhusu mabaki ya jumba la maonyesho la Rose. Ulaya ikafuata kwa mkataba uliosainiwa Malta mwaka 1992. Utaratibu huo unafaa pale mjenzi anapokuwa kampuni. Japani wamekuwa waungwana zaidi: kampuni hulipia, lakini mtu anayejijengea nyumba ya kuishi hubebwa na fedha za umma.

Kwetu pa kushika ni mchoro wa mipango miji, kabla ya viwanja kupimwa. Hapo ardhi bado ni moja, hakuna anayedai fidia ya tofali. Watu watembee kwa mistari wakiangalia juu ya ardhi, wachimbe mashimo machache ya majaribio, na gharama iingizwe kwenye bei ya viwanja vyote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu 1985. Wanafunzi wanahitaji mafunzo ya vitendo. Wapo watakaosema Tungi na Mazimbu zililimwa mkonge, hakuna kilichobaki. Jembe la trekta huvuruga juu. Shimo la tanuri huenda chini zaidi, na mashimo ya majaribio ndiyo yatakayoonyesha nani yuko sahihi. Pakionekana makazi, pachorwe kuwa eneo la wazi na pasajiliwe chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, maana hatima ya maeneo ya wazi katika miji yetu tunaijua.

Kwa kinachokutwa baada ya hapo, wakati wa kuchimba msingi, taarifa ipokelewe ofisi ya mtaa na kuwe na ukomo wa siku. Wataalamu wasipotokea ndani ya siku hizo, mwenye kiwanja aendelee kujenga. Najua wanaakiolojia hawatakipenda kipengele hiki. Lakini mtu wa kwanza kusimamishwa mwaka mzima akisubiri barua atawafundisha majirani zake wote kumwaga zege haraka.