Kijana aendaye mafunzoni ng'ambo

Wanafunzi wetu wa kilimo na madini hapa Shinyanga na Geita walizoea mafunzo kwa vitendo ya karibu, jioni wakirejea kwao. Sasa wapo wanaoyafuata ng'ambo. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa mafunzoni ya kilimo nchini Israel waliuawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Kifo cha mmoja kilithibitishwa Novemba, cha mwenziwe Desemba. Muda wote huo wazazi walikuwa wakingoja habari.

Hatusemi vijana wasisafiri. Twasema mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini: siku ngapi ni za darasani na ngapi za kazi? Posho itakatwa nini? Bima ya matibabu ni ya nani? Nakala za pasipoti na mkataba zibaki nyumbani, naye akifika tu ajiandikishe ubalozini.

Nawe mzazi, usiuze ng'ombe wote kwa ajili ya tiketi. Kijana anayejua kuwa zizi la babaye limebaki tupu huvumilia dhulma asiyopaswa kuivumilia, kwa kuona haya kurudi mikono mitupu. Nauli ya kurejea iwekwe kando kabla hajapanda basi, na aambiwe kuwa ipo.