Mteja wa simu anataka bei, si picha tu

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Kwa wafungashaji wadogo wa asali wa Tabora, Singida na Katavi, methali hiyo haitoshi tena. Asali yao ni nzuri, lakini mnunuzi aliyeko Dar es Salaam hawezi kuionja. Anachokiona ni picha katika simu yake, na kwa picha hiyo anaamua kununua au kupita.

Wajasiriamali wengi wamekwishalitambua hilo na kufungua kurasa za Instagram na Facebook. Hata hivyo, kurasa nyingi zinafanana na duka lililo wazi lakini halina muuzaji. Picha ya chupa ipo, maua yapo, ila bei haipo. Mteja anaambiwa “njoo inbox”. Akiuliza asubuhi, anajibiwa jioni, wakati amekwishanunua kwingine.

Wanaoficha bei husema wanawaogopa washindani. Hoja hiyo ni dhaifu. Mshindani akitaka bei atajifanya mteja na kuipata kwa dakika moja. Anayekwama ni mteja wa kweli, ambaye muda na bando lake ni gharama. Ukurasa unapaswa kutaja ujazo wa chupa, bei ya rejareja na ya jumla, mahali mzigo ulipo, nauli ya kuutuma kwa basi na namba ya simu inayopokelewa. Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, ina sehemu ya kupanga bidhaa pamoja na bei zake, na kuipakua ni bure.

Jambo la pili ni imani. Asali halisi huganda, hasa wakati wa baridi, kwa sababu ya sukari ya asili iitwayo glukosi. Mteja asiyejua hilo akiona chupa imeganda hulalamika kuwa amechanganyiwa sukari, na lalamiko moja mtandaoni husomwa na wengi. Mfungashaji makini huwahi kueleza kwamba kuganda si kasoro, na kwamba chupa ikiwekwa katika maji ya vuguvugu, si yanayochemka, asali huyeyuka tena. Aidha, huonyesha kipimo cha maji katika asali yake, kwani kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka kwa kawaida yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali ni rahisi kuchacha. Maelezo kama hayo huuza kuliko picha kumi za maua.

Tatu ni hesabu. Siku hizi wapo wanaolipia matangazo ili ukurasa uonekane na watu wengi, wakafurahia idadi ya wafuasi. Wafuasi si mauzo. Chukua mfano wa mjasiriamali anayepata faida ya shilingi 3,000 kwa chupa. Akilipia tangazo la shilingi 30,000, anahitaji kuuza chupa 10 za nyongeza ili arudishe fedha yake tu. Faida inaanza chupa ya 11. Asiyemuuliza kila mteja mpya amepata habari wapi, na kuandika jibu katika daftari, hawezi kujua kama tangazo limelipa au limemla.

Daftari hilo lina faida nyingine. Ukurasa unaweza kudukuliwa au kufungwa, na wafuasi wote wakapotea kwa siku moja. Namba za wateja waliokubali kupigiwa simu msimu mpya ukifika zitabaki kuwa mali ya biashara.

Jina nalo lilindwe. Tapeli anaweza kunakili picha, akafungua ukurasa unaofanana na kupokea fedha za watu. Kinga ni kusajili jina la biashara na alama ya bidhaa BRELA, kupata alama ya ubora ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, na kupokea malipo kwa namba yenye jina la biashara badala ya jina la mtu. SIDO na maafisa nyuki wa halmashauri wanapofundisha ufungashaji, wafundishe na hili. Lebo nzuri bila mnunuzi ni gharama tu.

Mwisho, mtandao usitangulie ghala. Kikundi chenye chupa 200 kisijitangaze kama chenye 2,000. Mteja aliyelipa akangojea wiki tatu harudi, na huwaambia wenzake. Ni afadhali kuandika “asali ya msimu huu imekwisha, weka jina upate ya msimu ujao”. Mnunuzi atajua anafanya biashara na mtu mkweli, naye msimu ujao atakumbuka pa kuanzia.