DADA WA BARIADI KAPAA NA MUME NA MBWA WAKE, WATU WANUNA! HIVI KOSA LAKE NI LIPI HASA?

Bariadi haijapoa. Picha moja tu imefanya mji mzima usahau hata bei ya pamba. Kwenye picha yuko dada wa watu, yule aliyekuwa na duka la vitenge pale mjini, kasimama uwanja wa ndege. Pembeni yake yuko mumewe, Mwingereza aliyeishi Simiyu miaka kadhaa na anayeongea Kisukuma cha kuombea maji. Mbele yao kuna vizimba viwili, na ndani yake mbwa wawili wa kienyeji, wale wale waliokuwa wakilala mlangoni kwa duka. Safari ni ya Uingereza, kwenda kuishi.

Magrupu ya WhatsApp yakalipuka. Kuanzia Somanda hadi Malambo hakukuwa na habari nyingine kijiweni. "Mbwa kapata viza, mama yake mzazi hajawahi hata kupanda ndege." "Hela ya mbwa ingemaliza ada ya mdogo wake." "Kaolewa na mzungu, sasa naye kageuka mzungu." Na shangazi mmoja, ambaye kwenye kila kikao cha harusi lazima neno la mwisho liwe lake, akatoa hukumu kabisa: mwanamke anayependa mbwa namna hiyo hawezi kukumbuka kwao.

Hili la kugeuka mzungu lisichukue muda wa watu. Tangu lini Msukuma akafundishwa mbwa na mzungu? Nenda Itilima, nenda Meatu, uone kama kijana anapeleka ng'ombe malishoni bila mbwa. Fisi akizunguka zizi saa nane usiku, anayemwamsha mwenye mji ni nani? Mbwa ni mfanyakazi wa kwanza wa mji wa Kisukuma, tena halipwi. Anakula ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, akizeeka anafukuzwa kwa mawe. Dada huyu hakutaka kufukuza wa kwake. Hapo uzungu uko wapi?

Sasa hili la viza. Jamani, mbwa hapewi viza. Anapewa masharti, na masharti yake yanatoa jasho. Kwa Uingereza, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake wanaingia kirahisi, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo kwanza mbwa anawekewa chipu ndogo chini ya ngozi, yenye namba yake. Baada ya hapo ndipo anachanjwa kichaa cha mbwa. Ukichanja kabla ya chipu, chanjo hiyo haihesabiki, unaanza upya. Zinahesabiwa siku 30, kisha daktari wa mifugo anachukua damu, na damu inapimwa kwenye maabara inayotambuliwa kuonyesha kwamba kinga imefika. Ikishafika, safari bado. Unasubiri miezi 3 kuanzia siku damu ilipotolewa. Ndani ya siku 10 za mwisho kunaandikwa cheti cha afya, na kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia, mbwa anapewa dawa ya minyoo ya tegu na daktari anaandika muda aliompa. Halafu anaingia nchini humo kwa ndege kama mzigo, siyo mapajani kwa mama kama mnavyoona kwenye filamu. Karatasi moja ikikosewa, ni karantini ya hadi miezi 4 kwa gharama ya mwenye mbwa, au anarudishwa alikotoka.

Piga hesabu hapo. Mtu anayeanza leo hawezi kusafirisha mbwa kabla ya miezi minne na ushee. Maana yake huyu dada, wakati watu wanadhani anauza vitenge tu, alikuwa anahesabu siku. Hakukurupuka wiki ya mwisho kama wale wanaouza kitanda asubuhi na kupanda basi jioni.

Na mke mwenyewe je? Hapo ndipo wanaocheka wangenyamaza kama wangejua. Mbwa hakuulizwa kipato cha mume. Mke kaulizwa. Tangu Aprili 2024, mtu anayetaka kumleta mwenzi wake Uingereza anatakiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, wakati kabla ya hapo kiwango kilikuwa pauni 18,600. Kwa shilingi hizo 29,000 ni zaidi ya milioni 90. Kuna Waingereza wazawa, wenye kazi zao halali, hawafikishi. Mbwa hakufanya mtihani wa Kiingereza, mke kafanya. Mke kapimwa kifua kikuu. Mke kalipia ada ya viza, na juu yake ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza yake, kabla hajaumwa hata kichwa. Kapeleka picha za harusi, meseji, risiti, ushahidi kwamba mapenzi ni ya kweli na siyo ya kutafuta karatasi. Mbwa yeye kapendwa tu, basi, hakuna aliyetaka ushahidi.

Kwa hiyo ukiona kwenye picha mwanamke na mbwa wanaondoka ndege moja, ujue kwamba mlango uliokuwa mwembamba zaidi ni wa mwanamke.

Tuhuma nzito ni ya mama. Hii inauma, na isichekwe. Yule mama amebaki Bariadi, miguu inamsumbua, na bintiye ndiye aliyekuwa akimpitia jioni baada ya kufunga duka. Kwa macho ya mtu wa kawaida hesabu ni rahisi: nafasi zilikuwepo, zikapewa mbwa. Lakini hazikuwepo! Sheria ya Uingereza kuhusu wazazi wa watu wazima ilikazwa mwaka 2012 mpaka ikabaki jina tu. Mzazi anatakiwa athibitishe kwamba hawezi kufanya shughuli zake za kila siku bila mtu wa kumsaidia, kwamba kinachomfanya hivyo ni uzee, ugonjwa au ulemavu, na kwamba msaada huo haupatikani kwao hata ukitumwa pesa kutoka Uingereza. Sasa fikiria. Binti akisema "nitamlipa mtu amwangalie mama pale Bariadi," tayari kajifungia mlango mwenyewe, kwa sababu kumbe msaada unapatikana. Akisema hawezi kumlipa mtu, ataulizwa huko Uingereza atamtunzaje. Mtego pande zote.

Aliyeandika hivyo siye dada wa vitenge. Ni serikali ya watu, na iliandika kwa makusudi. Mbwa anaruhusiwa kwa sababu mbwa haombi pensheni, halazwi hospitali ya umma, hapigi kura. Hasira ya Bariadi juu ya jambo hili ni hasira halali kabisa, ila imetumwa anwani isiyo yake. Wanamtukana aliyefungiwa mlango, kwa kuwa wameukuta mkono wake kwenye kitasa.

Na tukio lenyewe lina sehemu ambayo picha haionyeshi. Nyumba aliyokuwa akiishi dada na mumewe, mama ndiye anakaa sasa, kodi imelipwa. Binti wa jirani analipwa kila mwezi kumpikia na kumpeleka kliniki. Duka kaachiwa mdogo wake, yule yule wa ada. Haya hayakupigwa picha kwa sababu hayana vizimba.

Tuje kwenye hela, maana watu wa hesabu za mifuko ya wenzao hawaishi. Ni kweli, kusafirisha mbwa ni gharama. Chipu, chanjo, kipimo cha damu, kizimba chenye ukubwa unaotakiwa, mzigo wa ndege, kila kimoja kina bei yake. Ila hivi, kijana akinunua simu ya milioni mbili mbona hakuna anayemuuliza ada ya mdogo wake? Jamaa akifanya sherehe ya kuzaliwa, ng'ombe wawili wakaanguka, watu wanakuja na vyombo vya kubebea nyama. Hesabu ya ada ya mdogo wako hutolewa tu pale mwanamke anapotumia hela yake kwa kitu ambacho hakiliki.

Sasa twende kwa mtu ambaye hatajwi.

Yupo bwana mmoja, wa hapo hapo Bariadi, mtu mzito, anayejulikana. Yeye alihamia Ulaya na mkewe mwaka juzi. Aliagwa kwa turubai, spika kubwa na MC. Wazee wakambariki, akina mama wakapiga vigelegele. Kwake kulikuwa na mbwa watatu, wakubwa, wale wa kulinda geti. Hakumpa mtu yeyote rasmi. Aliwaachia mlinzi, akaahidi kutuma hela ya chakula. Mwezi wa kwanza ikaja, wa pili ikachelewa, wa tatu simu ikawa haipatikani. Mlinzi naye ana watoto, akaondoka. Mbwa wakabaki na geti, na njaa ikawatoa nje ya geti.

Mbwa aliyezoea kulinda, akiachwa, halindi tena. Anarandaranda, anazaa mitaroni, anakula jalalani, na hakuna anayekumbuka tarehe ya chanjo yake. Mmoja wao alimng'ata mtoto wa darasa la tatu akitoka shule. Bibi wa mtoto akaanza kuhangaika. Kituo cha kwanza chanjo hakuna, nenda hospitali. Hospitalini sindano siyo moja, ni kadhaa, kila moja kwa tarehe yake, na kila tarehe ina nauli. Mbwa mwenyewe katoweka, kwa hiyo hakuna wa kumtazama kama anaugua au haugui. Bibi kauza mbuzi wawili. Mtoto yuko hai. Wengine hawana mbuzi.

Siyo maneno ya kutishana. Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa kinaua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kati ya kila kumi wapatao wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa hatibiki. Kinga ipo, na ni kuchanja mbwa, angalau 70 kwa kila 100. Mbwa wasio na mwenyewe ndio wanaoangusha hesabu hiyo, kwa kuwa siku ya chanjo hakuna wa kuwashika kamba na kuwapeleka.

Na Simiyu siyo mkoa wa kuchezea hapa. Unapakana na Hifadhi ya Serengeti, na ndani yake kuna Pori la Akiba la Maswa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni wa mbwa, uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua karibu theluthi moja yao. Watafiti walipofuatilia walifika mpaka kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, na ndiyo sababu timu za chanjo ya mbwa zimekuwa zikizunguka vijiji hivyo kwa miaka mingi. Mbwa anayeachwa getini mjini ana miguu minne, hajui mpaka wa mji uko wapi.

Kwa hiyo wadau wekeni watu wawili hao mezani. Mmoja alikaa miezi akichanja, akisubiri damu, akijaza karatasi, akaondoka na wanyama wake bila kumwachia jirani tatizo. Mwingine aliondoka na masanduku mawili na suti mpya, akaacha mbwa watatu, mlinzi asiyelipwa na mtoto mwenye kovu kwenye ndama ya mguu. Wa kwanza anaitwa mchawi wa kizungu. Wa pili anaitwa mheshimiwa.

Wapo watakaosema si lazima mtu asafiri na mbwa, na wana haki kabisa. Siyo kila mtu ana hiyo hela, siyo kila mbwa anafaa safari. Mzee mwenye moyo mbovu unaweza kumuua humo njiani. Basi mtafutie mtu, siyo "atajijua". Mtu mwenye jina, mwenye mji, aliyekubali kwa mdomo wake, ukamkabidhi na kadi ya chanjo na hela ya chanjo ijayo. Wafugaji wanafanya hivyo kwa ng'ombe miaka nenda rudi. Mtu akiweka ng'ombe kwa rafiki yake kila kitu kinajulikana, nani anakamua, ndama ni wa nani. Mbwa tu ndiye anayeachwa kama ndala iliyokatika.

Shangazi wa hukumu, kwa taarifa yake, yule mama mwenye miguu mibovu hakununa. Juzi kapigiwa simu ya video na bintiye. Baada ya salamu, swali lake la kwanza lilikuwa kama wale mbwa wamezoea baridi, na la pili kama huko dagaa wapo.

Bwana wa mbwa watatu naye inasemekana anakuja likizo Desemba na familia. Kamati ya mapokezi imeshaundwa, mchango ni 20,000 kwa kichwa, na mwenye turubai keshalipwa kianzio. Bibi aliyeuza mbuzi anaishi nyumba ya tatu kutoka geti hilo. Hadi sasa hajaletewa kadi.